Bitana la Mguu wa Bi Wahiba

Bi Wahiba alikuwa katikati ya vile vyuma viwili vya kujifunzia kutembea bitana lilipoachia. Hakuanguka. Alishika vyuma kwa mikono yote miwili, akausimamia mguu wake mzima, akainama kutazama. Sponji iliyotakiwa kutulia ndani ya kikombe cha mguu wa bandia ilikuwa imejikunja kwa jasho na kuchungulia nje juu ya ukingo.

"Anjelina," aliita, "njoo uone. Mguu wangu unanitolea ulimi."

Wagonjwa waliokaa kwenye benchi wakaangua kicheko. Anjelina Chitanda hakucheka. Bitana lile alilibandika kwa mikono yake mwenyewe, kama alivyobandika lililotangulia, nalo lilikuwa limetoka vilevile. Alipiga magoti, akafungua mikanda, akauvua mguu taratibu. Kigutu cha Bi Wahiba, chini kidogo ya goti, kilikuwa kimeiva kwa wekundu, na upande mmoja malengelenge yalishaanza kuota.

"Pole sana, Bi Wahiba."

"Pole hainitembezi, mwanangu. Niambie utafanya nini."

Ulikuwa mwaka 1980, vita vya Kagera vimeisha mwaka uliopita, na karakana ya viungo bandia ya Temeke ilikuwa na foleni ya wanajeshi waliokanyaga mabomu pamoja na raia waliopatwa na yao. Bi Wahiba, mama wa makamo wa Kiarabu mwenye duka la vitambaa Temeke, aligongwa na lori la ng'ombe lililokuwa likirudi nyuma kule Vingunguti, karibu na machinjio. Alikuwa mjane, watoto wake wamekwisha kuolewa, na hakuwa mtu wa kukaa kitini akisubiri kuletewa maji.

Anjelina ndiye aliyekuwa fundi wa mabitana na mikanda. Alizaliwa Masasi, na kazi aliisomea katika hospitali moja ya misheni huko huko kusini, enzi mguu wa bandia ulipokuwa mti na ngozi ya ng'ombe. Mti ulishika gundi, na ngozi nayo ilishika. Kisha marafiki wa ng'ambo wakaleta kwa meli mabamba ya plastiki nyeupe. Bamba likitiwa kwenye tanuri lililainika kama ugali ulioipuliwa sasa hivi. Mafundi walilivuta juu ya sanamu ya plasta ya kigutu cha mgonjwa, na likipoa lilibaki kikombe chenye umbo lake hasa. Mguu ukawa mwepesi, hauozi kwa jasho, hauliwi na mchwa. Kila mtu aliufurahia mpaka zamu ya gundi ilipofika. Plastiki ile iliikataa gundi kama jani la yugwa linavyoyakataa maji.

Walijaribu kuikwaruza kwa msasa. Walijaribu gundi ya viatu, gundi ya mbao, na gundi moja ya kopo dogo iliyotoka Nairobi kwenye mfuko wa mtu. Baridi ya asubuhi bitana lilikaa. Mgonjwa akitembea kidogo juani, jasho likishuka, bitana lilitoka. Walijaribu hata kulipigilia kwa riveti, na kichwa cha riveti kikamchana Bi Wahiba ngozi. Tangu siku hiyo alikataa kabisa kusikia neno riveti.

Mkuu wa karakana, Ndugu Kamugisha, alikuwa Mhaya mpole asiyependa kupandisha sauti. Jioni ile alimwita Anjelina ofisini.

"Ndugu Anjelina, mie sikulaumu," alisema. "Lakini kuna kiwanda cha ndoo kinayataka haya mabamba, na wizarani wameniuliza kama yanatufaa au hayatufai. Nimewaambia nitajibu baada ya Saba Saba. Kama hayashiki bitana, tunarudi kwenye mti."

"Mti ni mzito, Ndugu Mkuu. Kuna wanajeshi waliokatwa juu ya goti. Mguu wa mti watauburuta maisha yao yote."

"Najua. Ndiyo maana nimesema baada ya Saba Saba, sikusema kesho."

Anjelina alirudi kwake Tandika akiwa na hasira isiyokuwa na mtu wa kumwangukia. Alibandika maji ya chai, akachukua mfuko wa chumvi kufunga chumvi iliyobaki. Ulikuwa mfuko wa nailoni wenye maandishi ya bluu. Vidole vyake vilikuwa vimelowa, akajikuta anayasugua maandishi yale kwa gumba. Hayakutoka. Aliyakwaruza kwa kucha. Hayakutoka. Akachukua mfuko mwingine mtupu usio na maandishi, akaandika juu yake kwa kalamu ya wino, akapitisha kidole: wino wote ukaja kidoleni.

Aliacha maji yachemke mpaka yakakauka nusu ya sufuria. Nailoni ya mfuko na plastiki ya mguu, utelezi wake ni mmoja. Mtu aliyeshika zote mbili angesema ni ndugu. Basi hawa wenye mifuko walifanyaje?

Kesho yake aliomba ruhusa, akaenda Chang'ombe kwenye kiwanda cha mifuko. Mlinzi alimtaka barua, naye hakuwa nayo. Alikaa kwenye jiwe nje ya geti mpaka wafanyakazi walipotoka kula, akawa anamuuliza kila aliyepita nani anazijua mashine za kuchapa. Walimwonyesha kijana mmoja mwenye ovaroli iliyojaa mafuta, Masoud, fundi umeme.

"Sista, unauza nini?" Masoud aliuliza.

"Siuzi kitu. Natengeneza miguu ya watu, na gundi hainishikii. Nataka kujua wino wenu unashikaje."

Masoud alimtazama kidogo, akasahau chakula chake. Alimwombea kwa msimamizi, akampitisha ndani mpaka kwenye mashine ndefu ambapo nailoni ilikuwa ikikimbia juu ya magurudumu kama maji ya mfereji. Kabla haijafika kwenye wino, ilipita chini ya chuma kimoja chembamba, na pale, kati ya chuma na gurudumu, palikuwa na mwanga wa zambarau unaotetemeka. Harufu yake ilikuwa kama ya hewa baada ya radi kupiga karibu.

"Hapo ndipo penyewe," alisema Masoud kwa sauti ya kushinda kelele. "Umeme mkali unaruka hewani. Hewa inachanika vipande vidogovidogo, na vile vipande vinaipiga nailoni usoni. Uso ulikuwa hautaki kitu; ukitoka hapa unataka. Tukisahau kuwasha, mzigo mzima unarudishwa na wenye chumvi, maana jina lao linafutika."

"Haiungui?"

"Inapata vuguvugu tu. Chuoni walituambia inaitwa plazma. Ya kwenye jua ni ya moto, hii ni ya baridi."

Alichukua kipande kilichopita kwenye mwanga na kingine ambacho hakijapita, akavinyunyizia maji. Kwenye kile cha pili maji yalijikusanya shanga shanga, yakabingirika na kuanguka. Kwenye cha kwanza yalitandaa na kulala kama shuka.

Anjelina alivigeuzageuza vile vipande viwili, akamwomba arudie. Masoud akarudia.

"Mashine hii haiwezi kumeza kikombe cha mguu," Anjelina alisema.

"Haiwezi. Hii ni ya kitu bapa chembamba. Lakini kinachofanya kazi si mashine, ni umeme wenyewe. Ukipata transfoma ya kuukuza, kikombe tutakizungukia sie wenyewe." Alikuna kidevu. "Kama zile za taa za mabaa. Zile za mirija ya rangi. Ila sasa hivi Dar nzima utaipata wapi?"

Anjelina alilisimulia jambo hilo karakanani, na kwa kuwa Bi Wahiba alikuwa amekuja kufungwa dawa kidonda chake, alilisikia lote.

"Matar anayo," alisema Bi Wahiba.

Matar alikuwa kaka yake, mwenye hoteli ya wali na mchuzi Kinondoni. Zamani mlangoni kwake ilikuwa ikiwaka taa nyekundu iliyoandika KARIBU kwa herufi za kulala. Mirija yake ilivunjika, mingine haikuja tena nchini, lakini sanduku la transfoma lilikuwa bado limefungwa juu ya mlango. Wakaenda wote wawili, Anjelina na Bi Wahiba, huyu kwa magongo. Matar alikataa kwa adabu. Aliwaletea chai, akakataa tena.

"Siku moja nitaiwasha," alisema. "Mambo hayatakuwa hivi daima."

Bi Wahiba hakubishana. Aliinuka, akaenda mlangoni, akaketi kizingitini, magongo kayaweka kulia na kushoto. Ilikuwa saa ya watu kula. Wateja walifika, wakamkuta, wakamwamkia, wakasimama wasijue wapite wapi.

"Wahiba, unanizibia njia."

"Watanipita. Mie ndiye nisiyeweza kupita popote."

"Nyumba ya watu hii, dada. Unaniaibisha."

"Mirija utaitoa wapi, Matar? Dawa tu hospitali zinatafutwa kwa tochi. Nani akununulie wewe mirija myekundu? Lile sanduku linalala bure hapo juu, na mie kila siku nalala na goti linaniwaka."

Matar akamwita mpishi amshikie ngazi, akapanda mwenyewe na bisibisi. Alipoliteremsha lile sanduku, zito kama jiwe la kusagia, alilifuta vumbi kwa kanzu yake.

"Lakini ukitembea," alisema, "utakuja hapa kwa miguu yako nikuone."

Masoud alikuja karakanani jioni baada ya zamu. Jambo la kwanza alilofanya ni kuwatisha, na aliwatisha makusudi. "Hiki kitu kinaua," alisema. "Hakikuunguzi kwanza ukajua. Kinaua." Wakatandika raba nene sakafuni. Anjelina akavaa glavu za raba za wauguzi, mbili mbili. Ilitakiwa mtu mmoja akae na swichi, asishike kingine chochote, macho yasitoke kwa Anjelina.

"Mie kazi yangu siku hizi ni kukaa," alisema Bi Wahiba. "Nipeni hiyo."

Fikra yao ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuitenda. Walikizungushia kikombe karatasi ya aluminiamu kwa nje na kuifunga kwenye waya wa ardhini. Kwa ndani Anjelina alizungusha brashi ya nyaya nyembamba aliyoifunga kwenye mpini mrefu wa ebonaiti, raba ngumu isiyopitisha umeme, na brashi ile ndiyo iliyobeba umeme mkali. Plastiki yenyewe ikae katikati izuie brashi na aluminiamu visikutane.

Kikombe cha kwanza kiliungua. Ndani ya plastiki mlikuwa na povu dogo la hewa ambalo hakuna aliyeliona. Cheche ikapata njia, ikapiga mlio kama kiboko, na tundu jeusi likabaki ubavuni. Bi Wahiba alikuwa amekwisha kuzima kabla Anjelina hajapiga kelele. Ndugu Kamugisha alitoka mbio ofisini, akaangalia lile tundu, akawaangalia wao.

"Mnataka kunifungia karakana?"

"Hapana, Ndugu Mkuu," Anjelina alisema. "Kosa letu ni kutoipima plastiki kwanza kwenye mwanga wa dirisha. Tunaanza tena."

Kamugisha akavuta kiti, akakaa karibu na ndoo ya mchanga, wala hakuondoka.

Cha pili walikimulika kwanza mbele ya dirisha, sehemu kwa sehemu, wakakiona safi. Bi Wahiba aliwasha. Pakasikika sauti kama ya samaki anayekaangwa mbali, na ndani ya kikombe ukazaliwa ule mwanga wa zambarau, ukiifuata brashi kokote Anjelina alikoipeleka. Alizungusha polepole, juu mpaka chini, mpaka bega likamwuma. Walipozima alitia maji ya kijiko. Maji hayakubingirika. Yalishuka ukutani mwa kikombe yakiwa yametandaa, yameng'ang'ania.

Wakapaka gundi palepale, wakabandika kipande cha sponji, wakakiacha usiku kucha. Asubuhi Masoud alikivuta kwa koleo. Sponji ilichanika. Gundi haikuachia.

Anjelina alitoka nje, akaegemea ukuta, akacheka peke yake.

Kikombe kipya cha Bi Wahiba kilipigwa mwanga wiki ileile. Lakini siku hiyohiyo Anjelina aliitwa hospitali ya jeshi kuwapima majeruhi, akakaa huko siku kadhaa. Aliporudi alikuta kikombe kinamsubiri kwenye rafu kimefunikwa kitambaa. Akabandika bitana kwa furaha. Bi Wahiba alivaa, akatembea kati ya vyuma mbele ya Ndugu Kamugisha, mara ya kwanza vizuri, mara ya pili vizuri, na mara ya tatu akasimama.

"Anjelina," alisema kwa sauti ndogo. "Linacheza."

Lilikuwa limetoka lote, safi, kama ganda la ndizi.

Hakuna aliyecheka safari hii. Ndugu Kamugisha alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Saba Saba ni wiki ijayo," alisema, akaenda zake. Hasira ingekuwa nafuu. Aliondoka kama mtu aliyetoka msibani.

Anjelina alikaa sakafuni kando ya vyuma. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona amemdanganya mama wa watu. Bi Wahiba alijishusha kwenye benchi, akaanza kujifunga bandeji bila msaada.

"Kile kipande cha kwanza kilishika," alisema Bi Wahiba. "Nilikuwepo. Masoud alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka."

"Kilishika."

"Basi kuna kitu mlichofanya pale na hapa hamkukifanya. Mie si fundi, sikijui. Kitafute."

Anjelina aliwaza kwa sauti. Umeme ni uleule, brashi ileile, gundi imetoka kopo lilelile. Kisha akainuka, akaenda dirishani ambako alikuwa ameacha vipande vya plastiki walivyovipiga mwanga kwa majaribio siku ile ya kwanza. Kimoja alikikumbuka vizuri, kwa kuwa alikuwa amekitia maji na kuyaona yakitandaa. Alikidondoshea tone. Tone likajikusanya duara, likabingirika, likaanguka sakafuni.

"Umesahau," alisema.

"Nani kasahau?"

"Uso wa plastiki. Ukipigwa mwanga unataka gundi, lakini hautaki milele. Ukiuacha unarudia tabia yake ya zamani. Siku ile tulipaka palepale. Hiki cha kwako nilikiacha kikakaa."

Hakutaka kukosea tena, kwa hiyo hakukimbilia gundi. Alipiga mwanga vipande vipya, akavidondoshea maji vikiwa vibichi, akarudia jioni, akarudia kesho yake na siku iliyofuata. Aliona kwa macho yake tone likitoka kwenye kutandaa, likivimba kidogo kidogo, hadi likawa shanga. Vilivyoguswa na vidole vitupu viliharibika upesi zaidi. Alimwendea Ndugu Kamugisha na vile vipande kwenye sinia la chai, akamdondoshea maji mbele yake, bila hotuba.

"Kwa hiyo?" Kamugisha aliuliza.

"Kwa hiyo sponji ikatwe kwanza, gundi iwe wazi mezani, mgonjwa awe ameshapimwa. Kikitoka kwenye mwanga kibandikwe hapohapo. Nipe nafasi moja, kikombe cha Bi Wahiba."

"Na bitana likitoka?"

"Likitoka nitayapakia mabamba mwenyewe kwenye lori la ndoo."

Walifanya hivyo asubuhi ya siku mbili kabla ya Saba Saba. Masoud aliomba ruhusa kazini akisingizia jino. Bi Wahiba alikaa kwenye swichi na bandeji yake, akiwa ametoka kusali. Mwanga uliwaka, ukazimwa. Anjelina akapaka gundi, akalaza sponji, akaikandamiza kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni. Siku iliyofuata Bi Wahiba alivaa mguu, akatembea kati ya vyuma mpaka akachoka kutembea kati ya vyuma. Akatoka nje. Akazunguka jengo zima juani kwa hatua ndogondogo, Anjelina nyuma yake akijikaza asimshike. Aliporudi blauzi yake ilikuwa imelowa mgongoni.

Walivua. Kigutu kilikuwa na jasho, lakini hakikuwa na jeraha jipya. Bitana lilikuwa palepale. Anjelina aliingiza kucha kwenye ukingo, akavuta, akavuta tena, akashindwa.

"Acha kuniharibia mguu," alisema Bi Wahiba, na machozi yakamtoka mwenyewe asijue yalikotoka. Anjelina alimkumbatia hapohapo kwenye benchi.

Mabamba hayakwenda kwenye kiwanda cha ndoo. Ndugu Kamugisha aliwaandikia wizarani kwamba yanafaa, akaenda kwa msimamizi wa kiwanda cha mifuko kuomba Masoud awe anaachiwa kuja siku za Jumamosi. Kazi haikuwa laini hata hivyo. Brashi ziliisha, sponji ilikosekana, vikombe vingine vilitoboka. Lakini mabitana yaliyobandikwa siku ileile yalikaa, na yaliyobandikwa baadaye yalitoka, na baada ya muda hakuna fundi aliyehitaji kukumbushwa.

Mwezi Septemba alikuja mwanajeshi mmoja, Didas, aliyekatwa juu ya goti. Alikuwa kijana asiyependa kuzungumza. Kila alichoulizwa alijibu kwa kichwa. Anjelina alikuwa amefika nusu ya kukizungukia kikombe chake umeme ulipokatika, mtaa mzima, na mwanga wa zambarau ukatoweka ndani ya plastiki.

Walisubiri. Mchana ukapita. Didas alitazama kile kikombe kilichokaa mezani.

"Kibandike hivyohivyo, dada," alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza. "Nusu si imeshapata?"

"Nusu ikishika na nusu isiposhika, itakutoa damu. Lala kwa ndugu zako, kesho nakianza upya."

"Na kesho ukikatika?"

"Nitaanza kesho kutwa."

Didas alimtazama kama anampima. Kisha akachukua magongo yake, akainuka. "Basi mie nitakuwa hapa kabla hamjafungua," alisema.

Asubuhi umeme ulikuwepo. Anjelina alikisafisha kikombe kwa spiriti, akakikausha, akavaa glavu zake mbili mbili, na akaanza kuzungusha brashi, juu mpaka chini.